Mbwa alikufa akaacha dawa, sasa wifi anazitaka za mtoto wake

Mshauri hujambo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Lanet hapa Nakuru na mzee wangu. Naomba usiweke jina langu juu watu wetu wa huku na wa kule wote wanasoma hizi vitu.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Bosco. Alianza kuanguka kifafa akiwa bado mdogo, unamkuta amelala ubavu miguu inapigapiga hewa, povu mdomoni, halafu akiamka anazunguka nyumba ni kama hatujui. Daktari wa mifugo akasema mbwa pia hushikwa na kifafa, akamwandikia fenobabitali, asubuhi na jioni bila kuruka. Tulikuwa tunanunua kwa duka la dawa la watu, ile ya kawaida tu. Majirani walicheka sana, ati mbwa ana dawa za kila siku kama mzee wa presha, lakini Bosco alikuwa mbwa wa nyumba, watoto wameanza kutembea wakimshika masikio. Mwishowe ini lake likaharibika, akakataa chakula, akakonda, akatuacha. Tulimzika nyuma ya nyumba.

Sasa kilichobaki ni mkebe wa Blue Band juu ya friji. Ndani kuna vibahasha vya kaki vya duka la dawa, kila kimoja kimeandikwa kwa biro "Bosco 1x2", basi, hakuna tarehe, hakuna miligramu. Kuna kichupa cha dawa ya maumivu ya matone, kimebaki nusu na kifuniko kimeganda. Kuna chupa ya ivermectin ya sindano ya wakati alishikwa na upele, na sindano zenyewe, hizo hata kuzishika naogopa. Msichana wa kazi alitaka kumwaga kila kitu chooni nikamwambia ngoja kwanza.

Shida ilianza wakati mzee aliandika kwa grupu ya familia akitania, ati Bosco ameacha urithi wa dawa mkebe mzima. Haikupita jioni wifi yangu akanipigia, yaani dada ya mzee wangu, ameolewa huko Bungoma. Kijana wake wa miaka tisa ana kifafa. Zahanati yao kila wakienda wanaambiwa dawa imeisha, rudini wiki ijayo, na wiki ijayo ni hadithi ile ile. Akaniuliza, si hiyo ya Bosco ndio hiyo hiyo ya kifafa? Nikasema lakini wifi ilikuwa ya mbwa. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Kwa hivyo mbwa alikuwa anapata, na mtoto wa ndugu yenu hapati." Akakata simu.

Mshauri hiyo maneno imenikaa kifuani. Mama mkwe naye, watoto wanamwita Kukhu, ametuma sauti kwa grupu ati kutupa dawa na kuna mtoto anaanguka ni kujitafutia laana. Mzee amesoma yote na hajajibu hata moja, ananiambia tu "wewe ndio unajua hizo dawa". Na kama hiyo haitoshi jirani mwenye mbuzi ameskia kuna ivermectin na kila akiniona kwa geti anauliza kama nimeamua.

Nikizituma naogopa kuua mtoto wa wenyewe. Nisipozituma na huyo kijana aanguke vibaya, nitasemwa maisha yangu yote. Nikizitupa nimetupa pesa na nimetupa na heshima. Na hata kuzitupa kwenyewe sijui ni wapi, juu choo yetu inaingia kwa septik tanki na takataka inabebwa na mkokoteni inaenda sijui wapi. Nifanye nini?

Mama Wawili, Lanet

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mama Wawili, kwanza pole kwa Bosco. Nimeona umepita hapo haraka, kwa sentensi mbili umeshamzika, na nadhani ni kwa sababu umezoea watu wakicheka. Mbwa uliyempa dawa asubuhi na jioni kwa miaka ni msiba wa nyumba, na watoto wako wanajua hivyo hata kama jirani hajui.

Nikisoma barua yako naona umefunga vitu viwili kwa kamba moja. Kuna mkebe, yaani dawa zimebaki na zinahitaji kutoka kwa nyumba bila kudhuru mtu. Halafu kuna kijana wa Bungoma ambaye hana dawa. Wifi, Kukhu, na hata wewe mwenyewe mnaongea ni kama kitu cha kwanza ndio jibu la cha pili. Mimi sina uhakika kama ni hivyo, wacha tuvifungue polepole.

Nianze na hilo swali la wifi, si ni dawa moja? Si swali la kijinga kabisa, na usimcheke. Fenobabitali ya mbwa na ya mtu ni kemikali moja, wewe mwenyewe umesema mlikuwa mnainunua duka la dawa la watu. Lakini kuna kitu hujaniambia na nadhani hukuuliza, huyo kijana anatumia dawa gani? Kifafa kina dawa nyingi. Kuna watoto wako kwa kabamazepini, wengine valproeti, wengine fenobabitali, na anayeamua ni daktari akiangalia aina ya kuanguka, umri na kilo. Kama kijana anatumia nyingine, mkebe wako haumsaidii na kitu, na kelele yote ya grupu imekuwa ya bure. Hilo linahitaji simu moja tu, asome jina lililoandikwa kwa kitabu cha kliniki.

Sasa tuseme ni fenobabitali kweli. Kile kibahasha cha kaki kinasema "1x2". Kidonge kimoja cha miligramu ngapi? Kuna vya 30, kuna vya 60, na kwa macho ya mtu wa nyumbani ni vyeupe vyote. Halafu mbwa si mtu mdogo mwenye mkia. Ini la mbwa linaivunja hii dawa haraka kuliko letu, na akiendelea kuitumia linazidi kuharakisha, ndio maana daktari wa mifugo humpimia dozi kubwa kwa kila kilo na mara nyingi huipandisha baadaye. Kwa hivyo dozi ya Bosco ikifuatwa vile imeandikwa kwa mtoto wa miaka tisa inaweza kuwa nyingi kupita kiasi, na fenobabitali ikizidi inamlaza mtu usingizi mzito hadi kupumua kunalegea. Tena inakaa mwilini siku nyingi, inajazana polepole, kwa hivyo leo anaweza kuonekana sawa, wiki ijayo ndio anaanza kuyumba.

Kuna la pili ambalo naona hakuna mtu kwa grupu amelifikiria. Tuchukue kwamba vidonge ni vya sawa na dozi mtu ameipatia. Mkebe utaisha. Hii ni dawa ambayo ukiikata ghafla mwili unaweza kurudisha kifafa kwa nguvu kuliko kile cha kwanza, ule mshtuko ambao haukatiki. Nyinyi mlijua hivyo kwa Bosco, ndio maana mlikuwa hamruki hata jioni moja. Sasa kijana akianzishiwa mabaki ya wiki kadhaa halafu yaishe na zahanati bado ni hadithi ile ile, tutakuwa tumemsogeza mbele ama tumemrudisha nyuma? Na kama amekaa muda bila dawa, hata kumrudishia dozi yake mwenyewe ya zamani ni jambo la kliniki.

Sijui kama umeona, lakini hofu yako ya kwanza, ile ya kuua mtoto wa wenyewe, ilikuwa hofu yenye macho. Pia hii dawa ni ya kuandikiwa na imo kwa orodha ya dawa zinazodhibitiwa duniani chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Kuiweka kwa bahasha na kumpa dereva wa matatu apeleke Bungoma si kama kutuma omena, likitokea jambo anayeulizwa ni aliyetuma.

Twende kwa ile sentensi iliyokukaa kifuani. Wewe umeisikia kama mashtaka, ati mlipenda mbwa kuliko mtoto. Inaweza kuwa ni hivyo. Lakini jaribu kuisikia tena ukijua ni mama ambaye amesimama kwa dirisha la dawa mara kadhaa akaambiwa imeisha, ameona mtoto wake akianguka, pengine shuleni mbele ya wenzake wakakimbia kwa sababu bado kuna watu wanaamini povu la kifafa linaambukiza, halafu anafungua simu anakuta kaka yake anatania kuhusu mkebe mzima wa dawa hiyo hiyo. Mimi pia ningekata simu. Hakuwa lazima anakuchukia. Na wewe hukumnyima mtoto chochote ili Bosco apate, wala sioni mahali popote kwa barua uliambiwa kijana amekosa dawa kabla ya siku hiyo. Ama uliambiwa? Kama ulijua, basi kuna mazungumzo mengine hapo, na si ya vidonge.

Kitu kinanishangaza kwa hii hadithi yote ni bei. Fenobabitali ni kati ya dawa za bei rahisi kabisa za kifafa duniani. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za kifafa zinaweza kugharimu hata dola 5 tu kwa mwaka mzima kwa mtu mmoja, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri. Dukani bei haitakuwa hiyo ya Shirika, najua, wewe ulikuwa mnunuzi na unajua kuliko mimi. Lakini hata hivyo, dawa mpya ya kijana, yenye jina lake, miligramu zake na tarehe yake, si kitu cha kuuza ng'ombe. Nakwambia hivyo kwa sababu barua yako ina milango miwili tu, kutuma mkebe ama kukataa. Hakuna mtu amesema mkebe ndio njia pekee ya kusaidia.

Kwa mfano unaweza kumpigia wifi (mpigie, usimwandikie kwa grupu, grupu ina wasikilizaji wengi na kila mtu anaongea ili asikike na mama) umwambie, wifi, hizi za mbwa naziogopa kwa mtoto, lakini nitumie picha ya kitabu chake cha kliniki tuone atapataje zake. Kama ana karatasi ya daktari, duka la dawa lililosajiliwa hapo Bungoma mjini linaweza kumhudumia na pesa mkatuma kwa simu. Kama hajaonwa na daktari siku nyingi, pengine nauli ya kumfikisha hospitali kubwa ya kaunti ndio msaada wenyewe, kwa sababu mtoto anakua, kilo zinabadilika na dozi ya mwaka juzi inaweza kuwa si yake tena. Waulize pia kama wamejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyejisajili, ingawa usajili haujazi rafu iliyo tupu, hilo tusidanganyane. Kuna pia chama cha KAWE, kinachoshughulikia watu wenye kifafa Kenya tangu 1982, wanaweza kumwelekeza.

Hii nayo ina hatari zake. Ukianza kununua, unaweza kujikuta wewe ndiye zahanati, kila mwezi simu inalia. Pengine uko tayari, pengine pesa haipo, pengine unaweza miezi miwili tu wakati wanajipanga. Lolote ni sawa bora useme mwisho wake mapema, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatika ghafla anayeumia ni kijana. Na ukiamua hutaingia kabisa, jua baridi itakuwepo kwa muda kati yako na wifi. Hilo ni lako na mzee kupima, mimi siwezi kukupimia nikiwa huku.

Na kwa vile tumefika hapo, mwambie wifi hata kama hamtaelewana kwa mengine: kijana akianguka amlaze ubavu, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na ikipita dakika tano bila kukoma ni hospitali.

Haya, mkebe. Uko juu ya friji na una watoto kwa nyumba. Mtoto akiamua kitu anapanda kiti, na vidonge vyeupe bila jina kwa macho yake ni peremende. Leo leo ingiza mkebe kwa kabati yenye kufuli. Ikitokea amemeza, usimtapishe na usimpe maziwa ukingoja, beba mtoto na bahasha hadi hospitali.

Msichana wa kazi hakuwa na nia mbaya, chooni ndipo wengi wetu hutupa. Lakini angalia tunakoishi. Septik tanki inavuja ardhini na Lanet kuna watu wanakunywa maji ya kisima. Wale wa laini ya kaunti, maji taka yakishasafishwa yanaishia Ziwa Nakuru, na ziwa letu halina mto hata mmoja unaotoka, kinachoingia kinabaki humo na heroe na samaki. Mitambo ya maji taka ilijengwa kwa ajili ya uchafu wa choo, haikujengwa kuchuja dawa. Ivermectin haswa ni sumu kali kwa wadudu wadogo wa majini.

Kuchoma nyuma ya nyumba? Moto wa takataka haufiki joto linalotakiwa. Tanuri la kuteketeza dawa linapaswa kupita nyuzi 850, wako utatoa moshi wa plastiki uingie kwa jikoni ya jirani. Kuzika nako, mbwa wa mtaa wanafukua, na mvua inashusha dawa chini.

Njia ambayo ningeijaribu kwanza ni kurudisha. Pigia simu daktari wa mifugo aliyemtibu Bosco, ama duka la dawa mlilonunua, uulize kama wanapokea mabaki ya kuteketezwa. Hospitali kubwa huwa na utaratibu wa taka za dawa, famasia ya hospitali ya kaunti, ile sisi wote bado tunaita PGH, inaweza kukuelekeza. Si wote watakubali, na ukipata agroveti anayechukua haraka haraka huku akitabasamu, muulize anazipeleka wapi, kwa sababu usije ukazikuta zimefungwa tena kwa bahasha nyingine zinauzwa.

Ukikosa pa kurudisha, vidonge vitoe kwa bahasha, usivisage maana ule unga unaingia kwa pua, vichanganye na kitu ambacho hakuna binadamu wala mnyama atakitamani, majani ya chai yaliyokwisha tumika na jivu, mavi ya kuku ukiwa nayo ni sawa kabisa. Maji kidogo ili vilainike, ndani ya mkebe wenye kifuniko, funga na selotepu, uende na takataka siku ile mkokoteni unapita, usiuache nje usiku. Ile dawa ya matone hivyo hivyo, iloweshe kwa jivu. Bahasha chana jina. Nasisitiza kuchanganya kwa sababu takataka za Nakuru nyingi huishia Gioto, na Gioto kuna watu wanaookota kwa mikono, kuna mbuzi na nguruwe wanakula hapo, na kibahasha kisafi cha vidonge kikionekana hapo kitapata mnunuzi. Sindano tafuta chupa ngumu, ile ya jiki ni nzuri, ingiza bila kuifunika tena ile ncha, kaza kifuniko, upeleke kwa daktari wa mifugo ama kituo cha afya wana kisanduku chake. Usiitie kwa takataka, huyo kijana wa mkokoteni havai glavu.

Jirani wa mbuzi najua amekuchosha. Ni dawa ya mbuzi pia, ndio, na anaona unaibania. Lakini chupa iliyodungwa sindano miezi iliyopita na kukaa kwa joto la jikoni si ya kumdunga mnyama tena, na mbuzi aliyepewa ivermectin ana muda wa kusubiri kabla nyama yake iliwe, na wa maziwa ndio kabisa usiguse bila daktari. Mwambie kwamba daktari wa Bosco alikataza chupa iliyofunguliwa kutumiwa tena, muulize huyo daktari kwanza ili iwe kweli. Akinuna atanuna, mpya iko agroveti.

Nimemwacha mzee mwisho. Yeye ndiye aliyetania kwa grupu, anayeongea ni dada yake na mama yake, na jibu amekuachia wewe mke. Umeichukulia kama yuko upande wao. Kwani umemuuliza? Wanaume wengi wa kwetu wakiwekwa katikati ya mama na mke hunyamaza wakidhani wanatuliza moto. Inawezekana anaogopa kitu kile kile unachoogopa, ama anaona aibu kwamba hakujua mpwa wake hana dawa. Kabla hujampigia wifi, kaa naye jioni moja watoto wakilala, mwambie vile miligramu na kuisha kwa mkebe vinakutisha, halafu umuulize ni nani kati yenu atamjibu Kukhu. Mimi naona sauti yake ingefika kwa mamake vizuri kuliko yako, lakini wewe ndiye unayemjua huyo mama. Ikikataa, niandikie tena, na uniambie kijana anatumia dawa gani.